Kesi ya kompyuta ya mezani: sura ya nje mnaipima kwa nini, taa na kioo au mdomo wa hewa?

#1 MatunduMatundu (Dar)

Wakuu habari za jioni.

Kila anayetaka kujenga mashine ya gemu au ya kuediti video hapa mjini naona anaanza na prosesa, anahamia kadi ya grafiksi, anabishana wiki nzima kuhusu ramu, halafu kesi, yaani lile ganda la nje linalobeba vyote, inakuja mwisho kwa hela iliyobaki na anaichagua kwa picha, ina taa ngapi na kioo kikubwa kiasi gani, imeisha hiyo. Sasa mimi nasema hivi, sura ya kesi huwezi kuitenganisha na kazi yake na pa kwanza kuangalia ni uso wa mbele, yaani hewa inaingilia wapi. Kesi ambayo ukiitazama tu unaona mdomo wake ulipo huyo aliyeichora alijua anachofanya. Kesi ambayo unaizunguka mara tatu hujaona hewa inapoingilia, hata iwe nzuri vipi, hiyo ni sanduku.

Nichukue mfano ambao wengi mnaujua. Kampuni ya NZXT walitoa kesi ya H500 mwaka 2018, mwaka uliofuata wakaleta H510. Kwa macho ile kesi imetulia kweli, uso wa mbele bati tupu limenyooka, hakuna nembo kubwa, kona zimekaa sawa, ndani kuna ule upau wa chuma unaosimama wima kuficha waya. Ukiiweka sebuleni hata mgeni asiyejua kompyuta anaiulizia. Lakini hewa inaingilia kwenye kaufa kembamba ubavuni mwa uso wa mbele na kidogo kwa chini, na feni mbili zilizokuja nayo zote zilikuwa za kutoa hewa, moja nyuma moja juu. Ukiweka kadi inayokula umeme mwingi joto linabaki mle mle ndani. Halafu mwaka 2021 NZXT wenyewe wakaleta H510 Flow, umbo lile lile, upau ule ule, kilichobadilika ni uso wa mbele umetobolewa matundu. Kampuni yenyewe imekubali kutoboa uso wake mzuri, nyie mnabishana nini?

Upande wa pili kuna kampuni ya Fractal Design wa Göteborg Sweden, mwishoni mwa 2022 wakatoa North. Hawa badala ya bati au plastiki wameweka vibao vya mbao halisi vimesimama wima, walinati kwa ile nyeusi na mwaloni kwa ile nyeupe, kati ya kibao na kibao kuna nafasi, nyuma yake wavu, nyuma ya wavu feni mbili za milimita 140. Yaani kile unachokisifia kwa macho ndicho kinachopitisha hewa. Pembeni unachagua mwenyewe kioo au wavu. Kwangu mimi hii ndiyo kesi iliyochorwa vizuri kuliko zote za miaka hii na haina hata taa moja ya disko.

Karibuni tuchambue. Bei tuiweke pembeni kwanza maana tukianza na bei uzi utafia hapo.

#2 kijana_wa_taa

Mkuu nimesoma mpaka mwisho ila sikubaliani na wewe. Mashine naikalia usiku kucha mbele yangu, nataka ipendeze. Hizo mbao ni za watu wazima wenye masofa ya ngozi. Sisi wa gemu tunataka kioo tuone tulichonunua, kadi nimeinunua kwa jasho halafu niifungie ndani ya bati? Angalia Lian Li O11 Dynamic, mbele kioo pembeni kioo, mbona inauzika dunia nzima? Kwa hesabu zako hiyo nayo ni sanduku?

#3 MatunduMatundu (Dar)

> mbele kioo pembeni kioo, mbona inauzika

Hapana hiyo siyo sanduku na nashukuru umeitaja. O11 Dynamic ya mwaka 2018, waliichora na yule Mjerumani der8auer anayejulikana kwa kuzidisha spidi za prosesa. Ile imegawanywa vyumba viwili, mbele mazabodi (ile bodi kuu) na kadi, nyuma pawa saplai (kile kiboksi cha kugawa umeme) na waya zote. Kwa sababu pawa saplai imehamia nyuma, sakafu yote ya chini imebaki wazi kuweka feni, na ubavuni pembeni ya mazabodi pia kuna safu ya feni. Kwa hiyo kioo kimekaa mahali ambapo hewa haikupangiwa kupita tangu mwanzo. Mdomo upo ila uko chini na ubavuni, ukiinama unauona.

Ila ina masharti. Inakuja bila feni hata moja, unazinunua mwenyewe, na ina upana wa sm 27 na ushee, yaani ile meza ya kompyuta ya fundi seremala yenye kitundu cha kuwekea mashine sahau. Tatizo langu ni zile zinazoigiza O11, zina kioo mbele na pembeni halafu chini zimefungwa na pawa saplai iko pale pale chini kama kesi ya kawaida. Zimeiba sura zikaacha sababu ya sura.

#4 FunditunduMwanza

Uzi mzuri, mleta mada heshima kwako.

Mimi nafungua mashine za watu kila siku nawaambia kitu kimoja, mashine yenye uso uliozibwa ni jiko la mkaa lililozibwa mdomo, unapuliza wee halishiki, ila huku joto badala ya kukosekana linajaa. Zinakuja hapa mteja anasema inazima yenyewe akicheza gemu, natoa uso wa mbele naweka pembeni namwambia haya cheza, anacheza mpaka anachoka.

Naongeza jambo ambalo hamjaligusa, kuna wavu feki. Kesi za bei ya chini zina uso unaoonekana wa wavu kabisa, matundu madogo madogo kama yale ya Fractal Meshify, ukiutoa unakuta nyuma yake kuna plastiki nzima imefunika, matundu ni pambo. Kwa hiyo ukiwa dukani usione aibu, mwambie muuzaji autoe uso wa mbele, karibu zote zinavutika kwa chini na kuchomoka, washa tochi ya simu iweke kwa nyuma uangalie mwanga unavyopita. Mwanga ukipita vizuri hewa nayo itapita. Ukiona giza rudisha.

Halafu geuza kesi uangalie mgongoni, vile vizibo vya sloti za kadi. Kesi nzuri vinafungwa kwa skrubu, unatoa unarudisha. Kesi za chee vimeshikizwa na bati lenyewe, unavunja kwa kupinda pinda, ukishavunja ndiyo basi, hakirudi. Siku ukitoa kadi panabaki dirisha na mjusi anahamia. Mijusi waliokaukia kwenye mazabodi nimewatoa sana, na mjusi akikanyaga sehemu mbili zenye umeme haondoki peke yake.

Na nyie wa taa, huku kwetu kando ya ziwa kuna msimu wale wadudu wadogo wanatoka ziwani kwa wingu zima. Wewe zima taa ya chumba uache kesi inawaka rangi saba uone usiku huo feni zako zitakula nini.

#5 kijana_wa_taa

😂😂😂 Fundi umenimaliza hapo kwenye wadudu

#6 Makorora_binti

Habari zenu kaka zangu. Mimi siyo mtu wa gemu, nina stationari hapa Tanga, mashine zangu ni za kuchapa, kuprinti na kuskani vitambulisho. Naona mnaongelea feni na vioo ila kwenye kazi yangu sura ya nje ni kitu kingine kabisa. Ni sehemu za kuchomekea yuesibi. Mteja anakuja na flashi, kutwa nzima nachomeka nachomoa, mashine yenye yuesibi juu ya kichwa inajaa vumbi na mabaki ya karatasi, yenye yuesibi nyuma nainama hadi kiuno kinauma. Nataka ziwe mbele, usawa wa mkono, zisibanane. Kuna moja ilikuwa na mbili zimekaribiana mpaka flashi nene ukiichomeka ya pili haiingii, sasa aliyechora hiyo alikuwa anawaza nini?

Pili kitufe cha kuwashia. Kikiwa juu na kikubwa kinang'aa, mtoto wa mteja akiingia hapo kazi ya mtu imepotea.

Tatu kutu. Huku baharini bati linaliwa, kona za chini na kuzunguka skrubu zinaanza wekundu. Naombeni ushauri wa hiyo na mniambie ninunue nini maana nataka kuongeza mashine mbili.

#7 MatunduMatundu (Dar)

Dada yangu umeongea vitu vya maana kuliko sisi wote hapa.

Kwa kazi yako mimi nisingekupeleka kwenye kesi mpya kabisa. Chukua Dell OptiPlex za mtumba wa Ulaya, zile 7010 za mwaka 2012 au zilizofuata, au HP za ofisini za miaka hiyo. Watu wanazidharau kwa sababu ni nyeusi na zimejaa kila ofisi ya serikali lakini ukikaa ukazitazama kwa utulivu zile ni somo la uchoraji. Uso wa mbele umetobolewa, yuesibi ziko mbele, kitufe kimezama kidogo hakijatokeza nje, pembeni kuna kitasa cha kuvuta, unavuta mara moja kava lote linatoka bila bisibisi. Mgongoni kuna kitanzi cha kupitisha kufuli ili mtu asikuibie ramu. Ndani kila sehemu unayoruhusiwa kushika na kuvuta wameipaka bluu, HP wao wanatumia kijani. Hata aliyekuwa hajawahi kufungua kompyuta anajua ashike wapi.

Na kitu kimoja kidogo nakipenda mno, ile nembo ya mbele ya Dell kwenye hizo inazunguka. Ukiilaza mashine chini ya monita unaizungusha kwa kidole, maandishi yanasimama sawa. Nani anajisumbua na kitu hicho kwenye mashine ya ofisi? Mtu alikaa akawaza kwamba kuna atakayeilaza na kuna atakayeisimamisha.

#8 FunditunduMwanza

Naunga mkono ila nimwonye dada kitu kimoja, zile nyembamba za kulaza pawa saplai yake ni ya umbo la peke yake, ikifa hununui yoyote ile dukani, unatafuta ya mashine hiyo hiyo. Na ukitaka kuweka kadi lazima iwe ile fupi. Kama nafasi ipo chukua ile ndefu ya kusimama, ina upana wa sm 17 na nusu tu inaingia kwenye kitundu cha meza yoyote ile.

Kuhusu kutu. Bati la kesi nyingi ni chuma kilichopakwa zinki halafu rangi juu. Kutu inaanzia palipokatwa au palipokwaruzwa, ndiyo maana unaiona kwenye skrubu na kona za chini. Usiiweke chini sakafuni unapodeki, maji ya dekio yanaingia kwenye miguu kila asubuhi. Inyanyue hata kwa kibao. Ukiona doa linaanza sugua kwa msasa laini paka rangi ya kucha, sikutanii, inashika vizuri. Wenye uwezo wananunua kesi za alumini, Lian Li wa Taiwan jina lao la zamani walilijenga kwa hizo, alumini hailiwi hivyo. Ila siku hizi hata wao nyingi ni chuma na kioo.

#9 Makorora_binti

Asante sana kaka fundi. Rangi ya kucha ninayo ya kutosha 😄

#10 nairobi_mtaa_wa_pili

Sasa wasee. Hii thredi nimeipata imechelewa lakini lazima niongee juu ya glasi.

Watu wanasema glasi ni nzuri glasi ni nzuri, hakuna anayekuambia vile hiyo kitu inavunjika. Hiyo glasi ya kesi ni ya kuchemshwa na kupozwa haraka, uso wake wa nje umejikaza ndani umevutika, ukiigonga katikati na ngumi inavumilia vizuri tu. Lakini ukingo ndiyo kifo chake. Uiguze tu na kigae cha sakafu, ile taili ya kauri, hata kama hujaiangusha, unaiweka chini pole pole ili uchomoe kebo, kona inagusa taili kidogo na unasikia PAAA, yote imekuwa chembechembe chumba kizima. Kauri ni ngumu kuliko glasi, inachokoa ukingo kidogo tu na ule mkazo wote unaachilia mara moja. Mimi nimeona hii kwa macho kwa beste wangu, tulikuwa tunafagia mpaka chini ya kitanda.

Na nyumba zetu zote siku hizi ni taili. Kwa hivyo mimi nikipima kesi naangalia glasi inafungwa aje. Ile ya skrubu nne za kona, unatoa ya mwisho na glasi inakuangukia mkononi, hiyo ni dizaini mbaya, mtu ana mikono miwili tu. Ile inayokaa kwenye mfereji kwa chini na kubanwa juu, ama ile yenye fremu ya chuma imezunguka ukingo, hapo mtu alifikiria. Na ukiitoa weka juu ya godoro, usiweke sakafuni, usiegemeze ukutani.

#11 MatunduMatundu (Dar)

Hii point ya ukingo ni dhahabu. North kioo chake kinabanwa kwa juu bila skrubu, unavuta kwa nyuma kinaachia, kinakaa chini kwenye mfereji. Ndiyo nilichokuwa nasema, uzuri wa kesi unaujua siku unapoifungua.

#12 SaidMaskati

Assalaam aleikum wote. Niko Maskati, wazee wetu walihamia huku kutoka Unguja, naifuatilia mada hii kwa karibu maana vumbi letu siyo vumbi la huko, hili la jangwani ni laini mno linapita hata dirisha lililofungwa.

Sheikh mwenye uzi unasifia matundu lakini hujasema vumbi linaingia na hiyo hewa. Mimi kesi ya wavu mtupu huku siiwezi, mwezi mmoja pezi za kupozea zimevaa koti. Yangu ina uso wa wavu lakini nyuma yake kuna chujio la nailoni linalochomoka kwa mbele bila kufungua chochote, nalivuta, nalipeleka bombani, nalikausha, narudisha. Hapa ndipo ninapopimia mimi: chujio linatokea upande gani? La uso wa mbele lazima litoke mbele. La chini la pawa saplai kuna kesi linatokea nyuma, sasa mashine imekaa ukutani utavutaje? Inabidi uisogeze nzima na waya zake, matokeo yake mtu hasafishi mpaka siku inachemsha.

Na jambo jingine, feni za kuingiza hewa ziwe na nguvu kuliko za kutoa. Hapo hewa ya ndani inakuwa inasukuma kwenda nje kwenye kila upenyo, vumbi linalazimika kupita kwenye chujio tu. Ukifanya kinyume, zinazotoa ziwe nyingi kama hiyo H510 uliyoitaja, mashine inavuta hewa kwenye kila tundu la mgongoni ambako hakuna chujio. Kwa hiyo uso uliozibwa hauzuii vumbi, unalipangia tu njia nyingine.

#13 FunditunduMwanza

Said umemaliza. Hiyo sentensi ya mwisho nitaibandika kwenye banda langu, kila siku nabishana na wateja wanasema "fundi mimi nimechukua iliyofungwa sababu nyumbani kuna vumbi".

#14 alumini_tupu

Naona mmesahau waliofanya kesi kuwa kitu cha kutazamwa. Nileteni Apple hapa, msinipige mawe.

Power Mac G5 ya mwaka 2003. Bati la alumini limekunjwa, lile lile la pembeni linaendelea juu na chini linakuwa vishikio na miguu. Mbele na nyuma matundu tupu kuanzia juu mpaka chini. Ndani feni tisa na nafasi imegawanywa kanda nne, kila kanda na hewa yake. Hapo mleta uzi mdomo umeuona au hujauona? Na ile kesi ilidumu, Mac Pro ya 2006 ilikuja na umbo hilo hilo.

Sasa kichekesho ni kilichofuata. Mwaka 2013 wakatoa ile nyeusi ya duara, kimo sm 25 tu, feni moja kichwani inavuta hewa kutoka chini inatoa juu, katikati kuna kipande cha pembetatu cha kupozea, prosesa na kadi mbili zimeegemea kila upande mmoja. Kwa mchoro ni kitu cha ajabu, watu wakaibatiza pipa la taka lakini mimi niliipenda. Kasoro yake ilikuwa kwamba umbo lilipanga kazi. Pembetatu inataka joto ligawanyike sawa pande tatu, dunia ikahamia kwenye kadi moja kubwa inayochemka kuliko vyote, ikawa hakuna pa kuiweka. Aprili 2017 wakubwa wa Apple waliwaita waandishi wa habari wakakiri wenyewe kwamba walijibana kwenye kona ya joto. Mwaka 2019 wakarudi kwenye sanduku la pembe nne lenye uso wa matundu makubwa yaliyochongwa kama viputo vinavyoingiliana, na magurudumu ukitaka, dola 400 na hayana breki.

#15 nairobi_mtaa_wa_pili

Dola mia nne magurudumu?? Na haina breki?? Huyo amechora ama ameiba

#16 MatunduMatundu (Dar)

Mkuu alumini_tupu hakuna wa kukupiga mawe, umeniletea ushahidi. Ile ya 2013 ndiyo mfano ninaouogopa. Mdomo ilikuwa nao, hewa ilipita vizuri, lakini aliyeichora hakuacha nafasi ya mtu kubadilisha mawazo. Kwa hiyo naongeza kwenye vigezo vyangu, sura ya nje isifunge mlango wa kesho. North inameza kadi ya mpaka sm 35 na nusu feni za mbele zikiwa zimefungwa, na ukiitazama kwa nje huwezi kudhani, ina upana wa sm 21 na nusu tu.

G5 nakubaliana nawe isipokuwa vishikio. Ile alumini haijaviringishwa ukingoni, mashine ina karibu kilo 18, ibebe ngazi mbili tu viganja vitakueleza.

#17 kijana_wa_taa

Sawa nimewasoma wote. Ila kuna kitu mnakwepa, uzuri wa macho mnauona kama dhambi. Cooler Master HAF 932 ilikuwa na feni za milimita 230 mbele, juu na ubavuni, ilikuwa inapumua kuliko kesi zote za enzi hizo, mbona hamuisifii? Kwa sababu sura yake ilikuwa mbaya 😂 imejaa makona na minundu kama gari la jeshi. Kwa vigezo vyenu hiyo ndiyo ingekuwa bingwa.

#18 MatunduMatundu (Dar)

Hahaha hapo umenibana kidogo dogo na nitakujibu. HAF ilikuwa inapumua ndiyo, jina lenyewe, High Air Flow, lilikuwa linajisifia hewa. Ila ile minundu ya mbele ilikuwa haifanyi kazi yoyote, plastiki imechongwa ionekane ya vita. Sisemi matundu yanatosha, nasema pambo liwe na kazi au litoke njiani. Ukitaka hewa nyingi na sura iliyotulia ipo Fractal Torrent ya 2021, feni mbili za milimita 180 mbele na tatu za 140 chini, pawa saplai wameipandisha juu ili isizibe, na uso wa mbele ni vipande vimepangwa kwa kuvunjika vunjika kidogo ambavyo ukiviangalia ndivyo njia ya hewa. Ni kubwa, ni nzito, chumba cha kupanga cha single itakukimbiza, lakini haikudanganyi.

Na taa siyo dhambi. Weka taa ndani ya kitu kinachopumua sina neno na wewe. Nachokataa ni duka kukuuzia taa badala ya hewa.

#19 kijana_wa_taa

Basi hapo tumeelewana mkuu. Kesho naingia Kariakoo na tochi ya simu.

#20 mgeni_mtulivu

Naomba kuuliza kidogo nje ya mada, nina mashine ya zamani ya baba ilikuwa nyeupe ya krimu sasa imekuwa njano kama imevutiwa sigara, na hakuna mvutaji nyumbani. Inasafishika?

#21 FunditunduMwanza

Siyo uchafu huo, sabuni haitoi. Plastiki za zamani zilichanganywa dawa ya kuzuia moto yenye bromini, jua na joto la miaka vinaigeuza njano. Utaona sehemu iliyokuwa imefunikwa na stika bado nyeupe. Watu wanaipaka haidrojeni peroksaidi wanaianika juani masaa kadhaa inarudi, ila vaa glavu na miwani, usiipake kimabaka maana itatoka madoa madoa, na baada ya muda inaweza kurudi njano tena. Kama ni kumbukumbu ya mzee mimi ningeiacha ilivyo.

#22 Makorora_binti

Nimerudi kutoa mrejesho. Nimepata OptiPlex mbili za kusimama, nimezijaribu pale pale, nembo kweli inazunguka nimecheka peke yangu dukani. Zimeingia kwenye kitundu cha meza vizuri ila meza yenyewe imefungwa kwa nyuma na ubao, naona mgongo wa mashine unapata joto.

#23 MatunduMatundu (Dar)

Huo ubao wa nyuma utoe wote dada, au mwite seremala akate dirisha kubwa kuanzia usawa wa feni ya nyuma kwenda juu. Hewa ya moto inatoka mgongoni, ikigonga ubao inazunguka inarudi mbele na mashine inavuta joto lake yenyewe. Acha na nafasi ya kiganja kizima kati ya mashine na ukuta.

#24 Mbao_za_Songea

Wakuu nimechelewa ila swali langu ni la msingi kabisa. Hiyo North ya mbao, mchwa je?

#25 FunditunduMwanza

😂 Nilijua tu litakuja. Mchwa anapanda kutoka ardhini, anajenga njia yake ya udongo ukutani au kwenye mguu wa kitu kilichogusana na sakafu. Vile vibao viko mbele vimeninginia kwenye plastiki na chuma, kesi yenyewe ina miguu, na nyuma yake kuna feni inavuta hewa kupita kati yake muda wote mashine ikiwaka. Ile meza uliyoiwekea ndiyo uiangalie kwanza, hasa kama ni ya mbao laini na inagusa ukuta wenye unyevu.

#26 Mbao_za_Songea

Meza ni ya mninga mkuu.

#27 FunditunduMwanza

Basi nunua ulale.